Banda la gari na baraza nalo linataka kibali?

Muulizaji: Wakuu habari, nataka kuweka banda la gari ubavuni mwa nyumba, nguzo nne za chuma na bati juu, halafu nyuma baraza lenye paa. Fundi anasema nianze tu kwa vile halina kuta, jirani anasema halmashauri watakuja kuvunja. Nimsikilize nani?

Jibu 1: Jirani. Halmashauri hawaangalii kuta peke yake, wanaangalia ukubwa, urefu wa paa, umbali kutoka mpaka wa kiwanja na kama limeshikana na nyumba. Sehemu nyingine vibanda vidogo vinasamehewa ila kiwango hakifanani, kwa hiyo kaulize kabla hujanunua hata bati moja na ubebe mchoro wenye mipaka na vipimo.

Jibu 2: Naongezea maji ya mvua jamani, watu wanasahau sana hili! Paa likimwaga kwa jirani ombi linaweza kurudishwa, chora gata na bomba la kushushia linaelekea wapi. Halafu upepo, banda likiwa wazi upepo unaingia kwa chini unainua paa zima, ndo maana wanauliza nguzo zimezama kiasi gani kwenye zege na bati limefungwaje. Hakikisha pia nguzo haikai juu ya bomba la majitaka.

Muulizaji: Asanteni sana. Niombe vyote pamoja?

Jibu 1: Kama unajenga kwa mkupuo mmoja, ndiyo, kawaulize kama mchoro mmoja unatosha. Na subiri kibali cha maandishi, maneno ya mdomo hayatakusaidia mkaguzi akija.