Kujiunga na timu ya wanawake ya mbio za baiskeli

Swali: Dada zangu, naendesha baiskeli hapa Nairobi kila wikendi, na tangu mashindano ya dunia ya Kigali mwaka 2025 natamani sana kujiunga na timu ya wanawake, ingawa sijawahi kushindana. Nianzie wapi?

Jibu: Jifunze kwanza kuendesha ndani ya kundi, kwa sababu anayefuata gurudumu la mwenzake hukingwa upepo na kuokoa nguvu nyingi, lakini akifunga breki ghafla huwaangusha walio nyuma yake. Kwangu mimi, hilo hutangulia kasi.

Jibu: Nakubaliana na dada. Nunua helmeti inayokukaa vizuri. Baiskeli ya bei ghali ingoje.

Jibu: Muulize pia kocha kama wanaoanza hungojewa milimani.