Naomba ushauri: olanzapini inamnenepesha mdogo wangu, tufanyeje?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mdogo wangu wa kiume, miaka 24, ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti zisizokuwepo. Tuko Likoni. Alianzishwa dawa ya haloperidoli, sauti zikapungua, lakini mwili ukakakamaa, mikono ikawa inatetemeka, na usiku hatulii, anazunguka uani mpaka adhana ya alfajiri. Iliniuma sana kumwona vile.

Daktari akambadilishia olanzapini. Alhamdulillahi, kutetemeka kumeisha na analala. Sasa tatizo ni njaa: akimaliza mahamri na mbaazi, kitambo kidogo ataka wali. Ameongeza kilo 11 kwa miezi minne, na babetu ana kisukari, ndiyo maana naogopa.

Mwenyewe ataka kuacha dawa kabisa. Hilo silikubali, alipoacha mara ya kwanza tulimtafuta siku mbili, tukamkuta feri.

Walio na mgonjwa anayetumia risperidoni, uzito ulikuwaje? Na klozapini, ile ya waliokwisha kushindwa na dawa mbili, ambayo damu hupimwa kila wiki mwanzoni, kuna aliyefika huko? Kliniki ni Jumatano, nataka niende na maswali yanayofaa. Kipimo cha sukari nimeshakiomba.