Bushi za ekseli ya nyuma zimechanika kabla ya miezi mitano: je, naweza kuzibadilisha mwenyewe?

Swali (Mikindani, Mtwara)
Habari za jioni, ndugu zangu. Nina Toyota IST ninayokwenda nayo Newala karibu kila juma, na wanaoyajua mashimo ya njia ile hawahitaji kusimuliwa. Fundi mmoja alinibadilishia bushi mbili za ekseli ya nyuma (vile vipande vya mpira vyenye chuma katikati vinavyoishika ekseli kwenye bodi), lakini hata miezi mitano haijatimia mlio umerudi: nikivuka tuta nasikia "ngo" chini ya kiti cha nyuma, na nikikata kona mkia wa gari unachelewa kidogo kisha unajivuta. Nilipomulika kwa tochi niliona mpira wa kulia umeachana na chuma cha katikati. Fundi anasema spea ilikuwa feki. Nimeagiza nyingine kutoka Dar es Salaam na nataka kuzifunga mwenyewe uani. Je, inawezekana bila mashine ya presi?

Jibu (Lindi mjini)
Inawezekana, kaka, ila kabla hatujailaumu spea, jiulize boliti zilikazwa gari likiwa katika hali gani. Bushi hii haizunguki kama beringi. Chuma chake cha katikati hubanwa na boliti kikatulia, na mpira ndio unaojipinda kila ekseli inapopanda na kushuka. Boliti ikikazwa wakati ekseli inaning'inia, gari likishushwa mpira hubaki umepindika hata ukiwa umeegesha, na kila shimo huuongezea msokoto juu ya ule uliokuwapo tayari. Hapo hata spea halisi huchanika mapema. Kwa hiyo zishike boliti kwa mkono tu, shusha gari likae juu ya matairi yake, litikise nyuma mara kadhaa, ndipo ukaze kwa nguvu inayotakiwa. Kama hapatoshi kuingia chini, panda kwanza juu ya mbao nene.

Jibu (Shangani, Mtwara)
Nakubaliana na ndugu wa Lindi. Nami naongeza habari ya mchanga wetu huu, kwa maana niliwahi kuona jeki ikizama taratibu huku mwenyewe ameshalala chini. Weka ubao mpana chini ya kila stendi, na stendi zibebe bodi, siyo ekseli, kwa kuwa ekseli lazima ishuke. Usitegemee hendibreki, kwani inashika magurudumu ya nyuma ambayo yako hewani. Weka gia kwenye P na uzuie matairi ya mbele kwa mawe, mbele na nyuma. Ukifungua shokapu, egemeza ekseli kwa jeki, uishushe polepole, na usiiache ining'inie kwenye mipira ya breki.

Presi ya kusukuma bushi unaweza kuitengeneza kwa nondo yenye hesi (mifereji ya kufungia nati), washa nene na kipande cha bomba kinachoipokea bushi inapotoka. Ganda la nje likigoma, lipasue kwa ndani kwa msumeno wa chuma, lakini simama kabla meno hayajagusa ekseli. Usichome mpira kwa moto. Moshi wake una sumu, na tangi la mafuta halipo mbali. Kabla ya kutoa chochote, piga alama ya rangi pale nafasi zilizo wazi kwenye mpira zinapoelekea, kwa sababu bushi mpya ikiingia imegeuka, mkia utaendelea kuyumba. Ya kuingiza ipake maji ya sabuni, siyo grisi, maana grisi ya kawaida hulainisha mpira hadi ukaharibika.

Muulizaji
Nashukuru sana, wakubwa zangu. Kazi imenichukua siku nzima, na nusu yake iliishia kwenye boliti ya kulia, ambayo chumvi ya bahari ilikuwa imeigandisha ndani ya chuma cha bushi; niliipaka dawa ya kutu tangu usiku, nikairudishia nati ili nyundo isiue hesi. Bushi mpya zililala ndani ya friza kando ya pweza wa mke wangu, zikaingia bila kelele nyingi. Nilipolegeza boliti ya kushoto, gari likiwa bado juu ya matairi yake, chuma cha katikati kiligeuka chenyewe kwa ghafla, kana kwamba kilikuwa kinasubiri kufunguliwa. Nadhani swali la spea feki limejibiwa.

Jibu (Lindi mjini)
Limejibiwa. Ukisharudi Newala mara moja, zipitie boliti tena kwa spana, gari likiwa chini.