Hold'em ya dau lenye kikomo: nikisubiri flashi, nifuate tu au nipandishe?

Mkazi wa Upanga
Wanajukwaa, habari za jioni. Sisi ni marafiki wachache tunaokutana Upanga kucheza Hold'em ya dau lenye kikomo, yaani poka ya karata mbili mkononi na tano za pamoja mezani (tatu kwanza, kisha ya nne, kisha ya tano), ambapo dau limepangwa: Sh. 1,000 katika raundi mbili za mwanzo na Sh. 2,000 katika mbili za mwisho. Jumamosi nilishika ree ya kopa na nane ya kopa, nami nilikuwa wa mwisho kuongea, yaani kuamua dau. Tulikuwa wanne, kila mmoja ameshaweka 1,000, na mezani wakafunuliwa mfalme wa kopa, tano ya kopa na tisa ya pau, nikawa nahitaji kopa moja tu kupata flashi, yaani karata tano za aina moja. Wa kwanza akaweka 1,000, wawili wakafuata (wakaweka kiasi kilekile), nami nikafuata. Baadaye jirani yangu akasema kwamba pale mtu hupandisha, yaani huongeza dau. Naomba ufafanuzi, kwa kuwa sioni sababu ya kupandisha ilhali mkononi sina hata jozi.

Shupaza
Ndugu yangu, jirani yako yuko sahihi. Kopa ziko 13, wewe umeziona nne, kwa hiyo zimebaki tisa kati ya karata 47 usizozijua. Uwezekano wa kopa kutokea katika karata ya nne ni takriban asilimia 19, na katika karata mbili zilizobaki kwa pamoja ni asilimia 35. Tukichukulia kwamba flashi ya ree ikitimia itashinda, kila 1,000 unayoongeza huku watu watatu wakikufuata inafanya 4,000, na fungu lako humo kwa wastani ni 1,400. Mkiwa wawili tu hesabu inageuka, maana unachangia nusu ilhali unashinda kama theluthi.

Kuna faida ya pili. Ukipandisha ukiwa wa mwisho, wengi hukuogopa na karata ya nne ikija wanapita wote, yaani hawaweki dau, wakikusubiri wewe. Isipokuwa kopa, nawe unapita, na unaiona ya tano bila kulipa. Umeongeza 1,000 pale ambapo dau ni dogo ili usilipe 2,000 pale ambapo ni kubwa.

Binti wa Kinondoni
Naafikiana na Shupaza, lakini ningependa tusisahau mahali mtu alipoketi. Aliyeweka dau akiwa kuliani kwako, na wawili walio nyuma yako hawajaongea, ukipandisha unawadai 2,000 kwa mkupuo, nao watajitoa. Hapo umewafukuza walewale ambao ungetaka wachangie, ukabaki na mtu mmoja ambaye pengine ana jozi ya mfalme. Katika hali hiyo mimi hufuata tu.

Mkazi wa Upanga
Nawashukuru. Je, karata ya nne isipokuwa kopa, na mtu akaweka 2,000 badala ya kupita?

Shupaza
Tazama fedha zilizoko mezani. Ikiwa imebaki karata moja, nafasi zako za kukosa ni 37 dhidi ya tisa za kupata, kwa hiyo unahitaji kulipwa zaidi kidogo ya mara nne, yaani fedha za mezani ziwe zaidi kidogo ya mara nne ya unachotakiwa kuweka. Kama wote wanne waliweka 2,000 katika raundi iliyopita, mezani mna 12,000, na dau lake linazifikisha 14,000. Unalipwa mara saba, hivyo fuata bila wasiwasi. Lakini mkiwa wawili, mezani mna 4,000 naye akaongeza 2,000, unalipwa mara tatu tu. Hata ukihesabu 2,000 nyingine atakayokulipa mwishoni flashi ikitimia, bado unapungukiwa kidogo. Kwa karata zile za Jumamosi ningefuata hata hapo, kwa kuwa ree yoyote kati ya tatu zilizobaki ingekupa jozi kubwa kuliko ya mfalme.

Binti wa Kinondoni
Hesabu hizo ni za mwenye ree. Anayesubiri flashi kwa saba na sita anaweza kuipata na bado akapigwa na flashi kubwa zaidi, na mezani pakitokea jozi, baadhi ya zile kopa tisa zinaweza kumpa mwenzako nyumba kamili, yaani karata tatu za namba moja na jozi, ambayo huishinda flashi. Pakiwa na dalili hizo asipandishe, na akipandishiwa mara mbili kabla hajaongea, ajitoe.