Uulize bei kabla ya kupimwa?

Mkaazi wa Kondele: Mjomba kaandikiwa kipimo cha picha cha MRI, ya mgongo, kwenye hospitali moja ya kibinafsi hapa Kisumu. Kuuliza bei, daktari akamjibu: "Mzee, afya kwanza." Wadau, mgonjwa aangalie gharama ama akubali tu?

Muuguzi Nakuru: Aulize. Kama si dharura, aulize pia kipimo kitabadilisha nini. Kuna wengi wanapigwa picha halafu wanarudi na dawa zilezile na mazoezi yaleyale.

Baba Toto, Kakamega: Rahisi kusema. Mama yuko leba, mtoto amekaa vibaya, nianze kulinganisha bei kama nanunua nyanya sokoni?

Muuguzi Nakuru: Nimesema kama SI dharura.

Baba Toto, Kakamega: Unaongea kama karani wa bili.

Nyakach Original: Si SHA iko, bima ya afya ya serikali? Ilichukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024. Upasuaji wa kujifungua inalipa kama 30,000 hivi.

Fundi Bondeni: Wewe una mshahara, unakatwa 2.75% hata hushtuki. Sisi wa jua kali tunadaiwa ya mwaka mzima. Hata ukiwekwa kiwango cha chini, 300 kwa mwezi, hiyo ni 3,600 kwa mpigo.

Nyakach Original: Kuna Lipa SHA Pole Pole.

Fundi Bondeni: Huo ni mkopo, ndugu.

Bonde la Ufa: Kisumu msilie gharama. Mgonjwa akiomba mchango, grupu kimya. Akifa, mahema, ng'ombe, maiti na king'ora hadi kijijini.

Nyakach Original: Usiguse matanga yetu. Nyinyi mnazika kabla chai haijapoa.

Mwalimu Butere: Jaluo amesingiziwa. Kwa ng'ombe wa matanga, sisi Waluhya ndio mabingwa.

Bonde la Ufa: Sijataja kabila. Nimetaja ng'ombe.

Muuguzi Nakuru: Turudi kwa mada. Mgonjwa asiogope bili hadi akae nyumbani. Mahakama Kuu ilisema 2015, kesi ya kina mama waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani, kuzuiliwa kwa deni ni kinyume cha Katiba.

Baba Toto, Kakamega: Jaji hakai getini. Anayekaa pale ni soja na rungu.

Mkaazi wa Kondele: Jamani, mjomba yuko steji anangoja jibu.

Mwalimu Butere: Aende Russia kwanza, ile hospitali ya rufaa ya serikali hapo Kisumu, aulize bei ya kule.

Fundi Bondeni: Na foleni ya kule nani atamlipia?

Nyakach Original: Bonde la Ufa bado hajaomba msamaha.

Bonde la Ufa: Nitakuja nao kwa matanga. Nitengeeni nyama.