Koliasi zimerefuka, rangi imefifia, majani ya chini yanadondoka: nianzie wapi?

Bustani_Dirishani

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kuhusu koliasi tatu za ndani (mimea ya mapambo yenye majani ya rangi): moja rangi ya damu ya mzee yenye ukingo wa kijani, moja nyekundu, moja ya manjano yenye madoadoa. Zilikuja zikiwa zimejaa vizuri. Sasa ni wiki ya saba na hali ni hii:

- Mashina yamefika sm 40, membamba, na kati ya fundo na fundo (pale majani yanapotokea kwenye shina) kuna sm 6 hadi 7.
- Nyekundu imekuwa kama kahawia iliyochanganyika na kijani.
- Majani ya chini yanageuka njano kisha yanadondoka, mashina yamebaki matupu hadi katikati.
- Ile ya damu ya mzee inanyauka mchana ingawa udongo umelowa.

Zipo juu ya meza, kama mita 2 kutoka dirishani. Maji kikombe kimoja kila asubuhi. Mbolea ya maji ya NPK kila wiki, kipimo kamili cha kwenye chupa, kwa kudhani rangi inapotea kwa njaa. Vyungu ni vya mapambo, havina tundu. Zinaokoleka?

Shina_Mraba

Zinaokoleka, ila mbolea isimamishe leo. Rangi haijapotea kwa njaa, imepotea kwa giza.

Anza na ile inayonyauka, maana hizo nyingine zinaweza kusubiri siku mbili, hiyo haiwezi. Mmea ukinyauka udongo ukiwa mkavu, una kiu. Ukinyauka udongo ukiwa umelowa, mizizi imekosa hewa na inaoza, kwa hiyo maji yapo lakini hayapandi. Ukiongeza maji unaumaliza.

Utoe kwenye chungu na uukung'ute udongo. Mzizi mzima ni mweupe na mgumu kidogo. Uliooza ni wa kahawia, unateleza, na ukiuvuta ganda linavuka unabaki uzi mwembamba wa katikati. Kata mizizi yote ya namna hiyo kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti. Punguza na majani ya juu kama theluthi moja, kwa sababu mizizi iliyobaki haiwezi kuyanywesha yote. Panda upya kwenye udongo mpya, chungu chenye matundu, kisichozidi mizizi iliyobaki kwa zaidi ya sm 2 au 3 kila upande. Chungu kikubwa mno hubaki na maji ambayo mizizi michache haiyamalizi, na unarudi ulikotoka.

Kabla ya yote hayo tazama shina pale linapotokea kwenye udongo. Kama limekuwa jeusi na laini, usihangaike na mizizi. Kata ncha zilizo nzima uzioteshe, shina la chini litupe pamoja na udongo wake.

Sasa mwanga. Mita 2 kutoka dirishani macho yako yanaona kuna mwanga wa kutosha, lakini macho huzoea, mmea hauzoei. Pima hivi: saa sita mchana weka karatasi nyeupe mahali pa chungu, kisha mkono sm 30 juu yake. Kivuli kikitokea chenye kingo kali, hapo jua ni kali. Kikionekana vizuri lakini kingo zimefifia, hapo ndipo panapofaa koliasi nyingi. Kisipoonekana kabisa, mmea utarefuka tu hata uufanyie nini.

Rangi nyekundu na zambarau ya koliasi inatokana na anthosayanini, yaani kitu cha rangi kilicho ndani ya majani, na mmea huitengeneza zaidi unapopata mwanga mwingi. Ukiwa gizani huongeza klorofili, yaani ile rangi ya kijani ya majani, ili unase mwanga mdogo uliopo, na kijani kinafunika nyekundu. Ndiyo hiyo kahawia unayoiona. Lakini kuna kupauka kwa aina ya pili, kwa jua kali: hapo rangi inakuwa kama nguo iliyoanikwa mno, na kingo zinakauka. Watu huchanganya hizi mbili wakaupeleka mmea upande usiofaa.

Sogeza sm 30 hadi 60 kutoka dirisha linalopata jua la asubuhi. Kama dirisha lako linapigwa na jua la mchana, weka pazia jepesi katikati. Usihamishe kwa siku moja. Anza na muda wa saa mbili au tatu kwa siku, ongeza kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Majani yaliyoota gizani ni laini na huungua kirahisi.

Kivuli_na_Jua

Naongeza hapo. Koliasi si zote zinataka kivuli, ingawa ndivyo inavyosemwa sana. Zipo zilizozalishwa zistahimili jua la kutwa, na kwa kawaida ni zile zenye majani mazito ya rangi iliyokoza. Ile ya manjano ndiyo uiangalie zaidi: sehemu za manjano na nyeupe zina klorofili kidogo, na ndizo za kwanza kuungua. Kwa hiyo usiziweke tatu mstari mmoja. Iliyokoza karibu na kioo, ya manjano nyuma yake.

Na geuza vyungu robo mzunguko kila baada ya siku 3 au 4, la sivyo zitainama zote upande mmoja.

Sahani_Kavu

Kikombe kila siku ndicho kilichoua mizizi. Tatizo hapo ni ratiba zaidi ya kikombe chenyewe. Mmea wa gizani hunywa kidogo, wa dirishani hunywa sana, wenye majani 60 hunywa kuliko wenye majani 15, na kalenda haijui lolote kati ya hayo.

Ingiza kidole sm 2 hadi 3. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, subiri dakika 20, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Pakiwa na unyevu, acha. Ukishazoea, nyanyua chungu tu, uzito utakuambia. Usiiache pia mpaka inyauke kila mara: koliasi husimama tena baada ya kunyweshwa, lakini kila ikinyauka hivyo inadondosha majani ya chini.

Vyungu vya mapambo huna haja ya kuvitupa. Panda kwenye kopo la plastiki lenye matundu, kisha uliingize ndani ya chungu cha mapambo. Wakati wa kumwagilia litoe, liache lichuruzike, lirudishe. Na usidanganyike na ushauri wa kuweka kokoto chini ya chungu kisicho na tundu. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto. Yanasimama pale juu ya kokoto, yaani umeipandisha tope karibu zaidi na mizizi.

Fundo_la_Tatu

Wenzangu wamemaliza mizizi na mwanga. Urefu ule hautarudi wenyewe hata ukiweka mwanga wa kutosha. Shina lililorefuka halifupiki. Lazima ukate.

Ncha ya shina ikiwepo, inazuia machipukizi ya kwapani (pale jani linapoungana na shina) yaliyo chini yake. Ukiiondoa, yale mawili yaliyo kwenye fundo la juu lililobaki yanaamka, unapata matawi mawili badala ya moja. Kwa mashina yako ya sm 40, kata ukiacha sm 15 hivi, juu kidogo ya fundo, na hakikisha umebakiza angalau jozi mbili za majani kila shina. Kama sm 15 za chini ni tupu kabisa, usikate yote siku moja. Kata nusu ya mashina, subiri yachipue, kisha yaliyobaki. Machipukizi utayaona ndani ya wiki moja hadi mbili kama kuna joto na mwanga. Yakifikisha jozi tatu za majani, konyoa ncha zake kwa kucha. Rudia hivyo mpaka mmea ujae.

Vipande ulivyokata usitupe. Chukua ncha za sm 8 hadi 10, kata chini tu ya fundo, ondoa majani ya nusu ya chini. Majani yaliyobaki yakiwa mapana sana, yakate nusu kwa mkasi ili yasipoteze maji. Fundo moja au mawili yawe ndani ya maji, jani lolote lisiguse maji kwa sababu litaoza. Badilisha maji kila siku 2 au 3. Mizizi hutoka kwa wiki moja hadi mbili. Ikifika sm 2 hadi 4, panda. Usingoje ijae glasi: mizizi ya majini ni dhaifu, ikiwa mirefu inavunjika na mmea unakaa umezubaa.

Jani pekee lenye kikonyo chake linaweza kuota mizizi pia, lakini bila chipukizi la kwapani linabaki jani lenye mizizi. Halitoi shina.

Shina_Mraba

Kwenye maji sikubaliani sana na Fundo. Ni rahisi kuona mizizi, sawa, lakini ukichomeka kipande moja kwa moja kwenye mchanganyiko mwepesi wenye unyevu unakwepa mshtuko wa kuhama. Funika kwa mfuko wa plastiki usioshika majani, ufungue dakika kumi kila siku, weka mbali na jua la moja kwa moja. Wiki 2 hadi 3 vuta taratibu; kikikataa kutoka, kimeshika.

Fundo_la_Tatu

Kwa anayejaribu mara ya kwanza bado nashauri maji. Mfuko wa plastiki ukisahaulika siku tatu unakuta ukungu.

Bustani_Dirishani

Shukrani sana wakuu. Ile ya damu ya mzee nusu ya mizizi ilikuwa ya kahawia, shina bado gumu. Imekatwa ila bado haijapandwa, nisaidieni mchanganyiko wa udongo. Pia kwenye ile nyekundu, kwapani kwa majani, kuna vitu vyeupe kama pamba. Na juu ya udongo kuna ukoko mweupe. Ni kitu kimoja?

Sahani_Kavu

Vitu viwili tofauti.

Ukoko ni chumvi ya mbolea. Kipimo kamili kila wiki, bila tundu la kutolea maji, hakuna pa kwenda. Kwangua sm 1 ya juu, kisha ukishahamishia kwenye chungu chenye matundu pitisha maji safi polepole, kiasi cha mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu. Mbolea usirudishe mpaka uone majani mapya, na ukirudisha iwe nusu kipimo kila wiki 3 au 4, kwenye udongo uliokwisha loweshwa. Naitrojeni nyingi inaleta majani makubwa laini yenye kijani zaidi, na wewe hukununua koliasi kwa ajili ya kijani.

Mchanganyiko: sehemu 2 za makumbi ya nazi yaliyosagwa au mboji iliyoiva na kuchekechwa, sehemu 1 udongo wa bustani, sehemu 1 mchanga mkubwa uliooshwa. Ukiubana mkononi ushikamane, ukiugusa uvunjike. Ukibaki donge kama la mfinyanzi, ongeza mchanga. Mchanga laini wa kupigia plasta hapana, unaziba.

Kwapa_la_Jani

Hiyo pamba ni vidung'ata. Tenga huo mmea leo, na kagua hizo mbili upande wa chini wa majani na chini ya mdomo wa chungu, wanapenda kujificha hapo.

Kijiti chenye pamba, spiriti ya asilimia 70, mguse kila mmoja. Fanya jioni, si juani. Kisha rudia kila baada ya siku 7 kwa wiki 4, hata kama huoni kitu, kwa sababu mayai yaliyomo ndani ya pamba huanguliwa baadaye. Wanaofeli hapa wengi ni wale walioacha baada ya mara ya pili. Wakiwa wengi, sabuni ya maji isiyo na manukato, kijiko 1 cha chai kwa lita 1 ya maji, nyunyiza chini ya majani na uoshe baada ya saa chache. Jaribu kwanza jani moja, ungoje siku mbili. Kuna koliasi ambazo sabuni huzitia madoa.

Kipande kutoka mmea huo usikioteshe kwanza. Utawahamisha nao.

Bustani_Dirishani

Sawa. La mwisho: ile ya manjano imetoa kama mkia wa vimaua vya buluu. Nisubiri mbegu?

Kivuli_na_Jua

Kata. Ukiachwa, nguvu inakwenda kwenye maua, majani yanakuwa madogo na shina linaanza kuwa gumu kama mti. Mbegu zake pia hazitatoa mmea unaofanana na huo, kila mche unakuja na rangi yake. Ukitaka hiyo hiyo, otesha kipandikizi. Ukitaka kubahatisha rangi kwa mbegu, zimwage juu ya udongo bila kuzifukia, zinahitaji mwanga ili ziote, joto la nyuzi 21 hadi 24, siku 10 hadi 21.

Tena ukiona tawi lolote limegeuka kijani kitupu huku mengine yana rangi, likate mpaka kwenye shina. Lina klorofili nyingi kuliko mengine, litakua haraka na kuyazidi.