Bibi aliandika kila siku, kisomo kikamwandika "hajui kusoma"

Mjukuu wa Pangani

Wakuu, salamu. Wakubwa shikamooni.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Pangani mwanzoni mwa miaka ya 1930. Alikuwa akidarizi kofia na kushona, na pembeni akiuza vitu vidogo vidogo pale barazani. Hesabu zake zote ziko kwenye daftari moja lenye jalada la kitambaa, ambalo sasa ninalo mimi. Kila mstari ni Kiswahili, ila kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuoni, yaani chuo cha Kurani: nani kachukua nini, kalipa kiasi gani, nani kaapa atalipa Ijumaa na hakulipa. (Hao ni wengi. Wengine nawajua wajukuu zao.)

Mwaka 1970, ule uliotangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, alikuja mtaani mwandikishaji wa kisomo, yaani madarasa ya watu wazima. Akamuuliza, "Mama, unajua kusoma?" Bibi akasema anajua. Akapewa kitabu asome. Bibi akakipokea na kukifungua kwa nyuma, kuanzia kulia, kama alivyozoea kufungua juzuu ya Kurani. Yule bwana akacheka, akaandika "hajui". Kesho yake bibi yuko darasani na watu wazima wenzake wanaimba a, e, i, o, u.

Alikuwa akisimulia kwa mzaha, lakini mimi mzaha wenyewe siuoni. Mtu alikuwa akisoma na kuandika lugha yake mwenyewe tangu ana miaka minane, akahesabiwa mjinga kwa sababu ya upande alioanzia kufungua kitabu.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizi karne na karne, mbona shule za serikali hazikuzishika? Pili, baba yake bibi alikataa katakata kupeleka watoto shule, akidai "watabatizwa". Mjomba anasema ni ushamba wa wazee tu, maana shule ya serikali haikuwa ya misheni. Je, ni ushamba kweli?

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Marahaba, mjukuu. Mwambie mjomba wako apunguze haraka.

Nianze na Wajerumani, maana kisa kinaanzia hapa hapa kwetu. Shule ya serikali ya Tanga ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Serikali ilikuwa ikitafuta makarani, wakalimani na watoza kodi, na watu waliokwisha kujua kusoma na kuandika walikuwa Waislamu wa pwani. Barua za maakida na maliwali wa mwanzo, watawala wa chini yao hapa pwani, ziliandikwa kwa herufi hizo hizo za bibi yako, na serikali ilizipokea. Gavana von Soden alifika mahali pa kupendekeza mwalimu wa Kurani awepo shuleni, ili wazazi wasiogope. Wamisheni wakapiga kelele hadi Ujerumani kwamba kodi ya Wakristo inajenga Uislamu. Pendekezo likafa, shule ikabaki haina dini.

Sasa jiweke mahali pa mzee wa Pangani. Chuo ndicho kilichokuwa shule, na kusoma kwenyewe kulikuwa ni dini. Anakuja mtu na shule ambayo Kurani haimo, herufi ni za Kizungu, na mwanao anashinda huko mchana kutwa, saa za chuo. Wewe ungeiitaje?

Waingereza nao, kuanzia miaka ya 1920 katikati, wakaanza kuzipa shule za misheni ruzuku zikikubali ukaguzi na mtaala wao. Bara kulikuwa na wilaya ambazo ukitaka kusoma huna mlango mwingine ila wa misheni. Wazee wa pwani walikuwa wafanyabiashara, walisafiri, habari hizo walikuwa nazo. Neno "watabatizwa" halikutoka hewani, ingawa kwa shule ya serikali ya Tanga lilikuwa limepotea njia.

Mtu wa Kondoa

Nathibitisha hilo la bara. Babu yangu alikuwa na majina mawili. Nyumbani la Kiislamu, kwenye rejista ya shule la Kikristo. Alisoma katekisimu akaifaulu vizuri kuliko hesabu, akabatizwa, akamaliza darasa la nne. Likizo anarudi nyumbani anaswali na baba yake. Alikufa tukabishana nani amzike.

Lakini tusiwabebeshe wamisheni kila kitu. Herufi za Kiarabu zina alama tatu tu za irabu, sisi tunazo irabu tano. Hazina "ch" wala "v" mpaka uzitengeneze. Za Kirumi ni nyepesi kwa Kiswahili. Ndiyo sababu zilishinda, basi.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Mkuu wa Kondoa, kwa irabu uko sahihi nusu. Kurekebisha kulikuwa kunawezekana. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, aliziongezea herufi hizo alama ili zibebe sauti za Kiswahili, na gazeti lake la mwanzo, la mwaka 1930, lilitoka kwa herufi hizo. Kwa hiyo kazi ya ufundi ilifanyika. Iliyokosekana ni serikali ya kuichapa na kuiingiza darasani. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi. Kwa vitabu vya shule, herufi zilikuwa za Kirumi.

Na sababu haikuwa wepesi peke yake. Krapf, mmisheni aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliliandika mapema kabisa: kutumia herufi za Kiarabu ni kuufungulia Uislamu mlango wa kuingia bara.

Omuganda, Kampala

Nisameheni Kiswahili changu. Kwetu ilikuwa zaidi ya herufi, walikataa lugha yenyewe.

Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa wa Kwanza alijua Kiswahili na kusoma herufi za Kiarabu. Mmisheni Mackay alitamani Kiswahili kiwe lugha ya Afrika ya Kati nzima. Baada yake askofu Tucker akaandika kwamba lugha moja ni jambo jema, lakini Mungu aepushe isiwe Kiswahili. Kiingereza sawa, maana kwake Kiswahili kilikuwa ndugu wa Uislamu. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipotaka kukiingiza shuleni, maaskofu wakapinga, na Kabaka Daudi Chwa akapinga pia. Yeye alihofia hatima ya Luganda na ya Buganda yenyewe. Hivyo nimejifunza Kiswahili kwa madereva wa malori, si shuleni.

Mjukuu wa Pangani

Mwalimu, ahsante sana, Mungu akupe umri. Ndugu wa Kampala, Kiswahili chako hakina kosa, madereva walikufundisha vizuri. Mjomba nimemsomea yote. Amesema "hmm", na kwake hiyo ni kushindwa.

Jana nimefika kurasa za mwisho. Kuna ukurasa mmoja ameandika jina lake kwa herufi za Kirumi, mara kumi na moja, moja chini ya nyingine, ya mwisho imenyooka kabisa. Nadhani ni mazoezi ya kisomo. Ukurasa unaofuata karudi kwenye madeni, kulia kwenda kushoto, kama hakuna kilichotokea.

Nina shida moja imebaki, labda kuna mtu aliyesoma chuoni anisaidie. Bibi alikuwa haandiki "m" kabla ya "b", anaweka "b" peke yake. Kuna mteja mmoja anadaiwa neno lenye kaf na be, irabu zote za juu (yaani "a"), halafu tarakimu ya 3. Mjomba anasema ni kamba za kufungia mashua. Mama anasema ni kamba wale wa kula. Mimi nasema ni kaba za kanzu, maana alikuwa akishona. Mistari ya jirani haisaidii, juu yake ni sukari na chini ni uzi. Kwa wanaojua, wazee wa zamani walikuwa na alama yoyote ya kutofautisha?